Tujihadhari na Kamba za Meli Gatini

Wakazi wa Mwanza, Ukerewe na mwambao wote wa Ziwa Viktoria, pamoja na watumishi wa Serikali wasafirio kwa meli, wanakumbushwa jambo ambalo aghalabu hupuuzwa: kamba inayofunga meli gatini, ikishakazwa, ni mtego wa hatari.

Yafaa ieleweke sababu yake. Kamba ya nailoni hunyumbuka. Meli inaposukumwa na upepo au mawimbi, au injini inapovuta, kamba hurefuka na kuhifadhi nguvu kama uta uliovutwa. Ikikatika, nguvu hiyo hufumka mara moja. Ncha zake hurudi kwa kasi ambayo mtu hawahi kuikwepa, zikavunja mguu au kuua. Wala isidhaniwe kwamba ncha hurudi kwa mstari ulionyooka tu. Kamba iliyozungushwa kwenye nguzo yaweza kufagia eneo pana.

Hata mabaharia wazoefu hupatwa. Tarehe 2 Machi 2015, katika bandari ya Milford Haven, Uingereza, kamba ya meli ya gesi iitwayo Zarga ilikatika, ikamjeruhi vibaya ofisa aliyesimamia kazi ya kuifunga. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kanuni za mkataba wa kimataifa wa SOLAS zinazitaka meli za safari za kimataifa zikague na kutunza kamba zao. Busara hiyo yatufaa na sisi wa ziwani.

Kwa hiyo inashauriwa kama ifuatavyo:

(a) Abiria na wenyeji wao wakae mbali meli inapofunga au kuondoka gati, wasisogee mpaka ngazi iwe tayari.

(b) Mtu yeyote asiruke kamba, asiikalie, wala asiketi juu ya nguzo. Watoto washikwe mkono.

(c) Wapagazi wasikatishe kwenye kamba wakiwa na mizigo kichwani kwa kuwahi wateja.

(d) Mfunga kamba asitie mguu ndani ya kitanzi, wala mkono kati ya kamba na nguzo. Akishavisha kitanzi nguzoni, aondoke kabla kamba haijakazwa.

(e) Kamba iliyochakaa au kukatika nyuzi itolewe taarifa kwa nahodha au msimamizi wa gati, isitumike tena.

Dakika chache za kusubiri si hasara. Kiungo kilichokatika hakirudi. Tahadhari kabla ya hatari.