Je, kiharusi chaweza kuletwa na bakteria?

Na Daktari Wetu

KATIKA vijiji na mitaa ya Kwale, kuanzia Ukunda hadi Vanga, mtu akianguka ghafla, mdomo ukaenda upande na mkono ukakosa nguvu, hawakosekani wa kusema kwamba amepigwa na upepo mbaya au amechezewa na jini. Daktari husema ni kiharusi: mshipa wa damu umeziba na sehemu ya ubongo ikakosa damu, au mshipa umepasuka na damu ikamwagika kichwani.

Lakini ni nini kinachoharibu mshipa wenyewe? Wengi hutaja mafuta, chumvi na sigara. Wengine wamesikia kwamba kuna bakteria wanaojificha ndani ya mishipa, nao huuliza kama vidonge vya antibiotiki haviwezi kuwaua na kuisafisha mishipa hiyo. Swali hilo si la kipuuzi. Wanasayansi walilifuatilia kwa zaidi ya miaka 15, na jibu lao lafaa kujulikana kabla mtu hajaingia duka la dawa.

Wazo lilikotoka

Mshipa unaoziba hauzibi kama bomba la maji lililojaa uchafu. Mafuta hupenya ndani ya ukuta wake, chembe za kinga za mwili hukimbilia hapo, na ukuta huvimba na kuwaka ndani kwa ndani mfano wa kidonda kisichopona. Ukuta huo ukipasuka, damu huganda juu yake na njia ikafungika. Kwa kuwa vidonda vingi huwaka kwa sababu ya vijidudu, madaktari walijiuliza kama hapa pia hapana kijidudu.

Mwaka 1988, Pekka Saikku na wenzake wa Ufini walieleza kwamba wagonjwa wa moyo walikuwa na dalili nyingi zaidi damuni za kuwahi kuambukizwa bakteria aitwaye Chlamydia pneumoniae. Huyu huleta kikohozi na nimonia, wala si yule ndugu yake wa magonjwa ya zinaa. Mwaka 1992, Dkt Allan Shor wa Johannesburg, Afrika Kusini, pamoja na wenzake wa Marekani, walitangaza kwamba wamemwona bakteria huyo ndani ya mishipa ya moyo iliyoharibika.

Matumaini yalikuwa makubwa. Hapo nyuma Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walikuwa wameonyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo, vilivyodhaniwa kuletwa na mawazo na pilipili, huletwa na bakteria na hupona kwa antibiotiki. Mbona mishipa isiwe vivyo hivyo? Majaribio madogo ya mwaka 1997, huko London na Argentina, yalionekana kuitikia ndiyo.

Jibu la majaribio makubwa

Mwaka 2005, mwaka ule ule Marshall na Warren walipopewa Tuzo ya Nobel, matokeo ya majaribio mawili makubwa yalichapishwa Marekani. Kila moja lilikuwa na wagonjwa wa moyo zaidi ya 4,000. Nusu walipewa antibiotiki kwa mwaka mmoja au zaidi, na nusu vidonge visivyo na dawa. Walioshikwa na moyo au kufariki hawakupungua. Mwaka 2006, utafiti wa Denmark ulionyesha kwamba wagonjwa wa moyo waliopewa dawa ya clarithromycin walifariki kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha madaktari kuhusu dawa hiyo kwa wagonjwa wa moyo.

Basi yule bakteria aliyeonekana mshipani? Kumkuta mtu ndani ya nyumba inayoungua si ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeiwasha.

Wenye hatia ya kweli

Hata hivyo, msomaji asidhani maambukizi hayana lolote. Wapo bakteria ambao kesi yao imekwisha thibitika.

Kaswende isiyotibiwa yaweza kuvimbisha mishipa ya ubongo na kumpooza hata kijana, na baada ya miaka mingi ikaharibu mshipa mkuu utokao moyoni. Kifua kikuu kikifika kwenye utando wa ubongo, huziba mishipa hapo. Vyote viwili vina tiba.

Wa tatu ni bakteria wa koo. Mtoto wa Msambweni au Kinango anayeumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa aweza kupata homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo. Miaka ikipita, damu huganda ndani ya moyo huo, donge likasafiri hadi kichwani. Utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2022, ulihusisha watoto 818 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga. Miongoni mwa waliodungwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, watatu tu walizidiwa; katika kundi la wasiodungwa, 33.

Tena mwaka 2004, utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba katika siku tatu za mwanzo za maambukizi ya kifua, hatari ya kiharusi hupanda zaidi ya mara tatu. Ugonjwa wa fizi nao huandamana na kiharusi, ingawa haijathibitika kwamba kutibu fizi hukizuia. Mswaki ni mzuri, lakini haushiki nafasi ya dawa ya presha.

Adui wa kila siku

Utafiti wa nchi 32, Uganda ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2016, ulihusisha karibu nusu ya viharusi na presha ya juu. Hapa Kenya, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulikuta presha ya juu kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, na wengi hawakuwa wamepimwa hata mara moja.

Kwa hivyo, usinunue antibiotiki kwa ajili ya mishipa. Utawafundisha bakteria usugu bure. Pima presha, na ukianzishiwa dawa usiiache kwa kujiona mzima. Punguza chumvi, hata ile ya ng'onda, na uache sigara. Mtoto mwenye koo na homa apelekwe zahanati, na aliye na kaswende atibiwe pamoja na mwenziwe.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka, enda hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe mgonjwa chakula wala aspirini, kwani huenda mshipa umepasuka. Dawa ya kuyeyusha donge, mahali inapopatikana, hutolewa katika saa nne na nusu za mwanzo, baada ya kichwa kupigwa picha. Kwa anayetoka Shimoni au Lunga Lunga na huenda akalazimika kuvuka Likoni, muda huo ni mfupi sana. Usiutumie kumtafuta aliyemtuma jini.