Waliogusa mashamba ya vigogo: Gracchus wa Roma na Wang Mang wa China

Leo tuache siasa za juzi na jana, turudi nyuma miaka zaidi ya elfu mbili. Wengi wetu shuleni tuliijua Roma kama orodha ya majemedari: Hannibal na tembo wake, Julius Caesar, basi. China ndo kabisa, ilikuwa ukuta tu. Kumbe ukichimba kidogo unakuta dola hizi mbili, ambazo wala hazikuwa zinafahamiana vizuri, zilitikiswa na swali lilelile: shamba ni la nani?

Tuanze na Roma, mwaka 133 KK. Jeshi la Roma wakati ule lilikuwa jeshi la wakulima. Ili uandikishwe ilibidi uwe na mali kidogo, na mali ya mtu wa kawaida ilikuwa shamba. Sasa fikiria: unapelekwa kupigana Hispania, unakaa huko miaka, nyuma shamba linabaki na mama na watoto. Likidorora, tajiri wa jirani analinunua kwa bei ya kutupa, au analichukua tu. Halafu analimisha watumwa, ambao vita hizohizo ndo zimewaleta. Tena mtumwa haitwi jeshini, kwa hiyo kibiashara analipa kuliko mtu huru. Yaani askari anapigania dola inayomnyang'anya shamba.

Na kulikuwa na ardhi ya umma, ile Roma iliyoichukua kwa waliotekwa. Sheria ya zamani ilisema mtu asishike zaidi ya jugera 500, kama ekari 310 hivi. Lakini nani wa kupima, wakati wapimaji na wanaopimwa ni walewale?

Hapo akaingia Tiberius Gracchus. Msidhani alikuwa mlalahoi. Mama yake alikuwa binti wa Scipio, yule aliyemshinda Hannibal. Alichaguliwa kuwa tribuni, cheo cha kuwatetea watu wa kawaida, akapeleka muswada: kikomo ni kilekile cha zamani, ziada irudishwe, igawiwe wasio na ardhi. Kwa maoni yangu ulikuwa muswada wa upole sana. Lakini tribuni mwenzake, Octavius, akauzuia kwa kura ya turufu. Plutarch anaandika kwamba Octavius mwenyewe alikuwa ameshikilia ardhi hiyo ya umma, na Tiberius akajitolea kumlipa fidia kutoka mfukoni mwake. Jamaa akagoma. Ndipo Tiberius akawaambia wananchi wampigie kura ya kumvua cheo, wakamvua.

Hapa mimi huwa nasita. Sheria ilikuwa ya haki, lakini akishavuliwa mmoja kwa kuwa anakera, nani atalindwa na cheo kesho? Alipogombea tena cheo hicho kwa mwaka uliofuata, wapinzani wakapata neno walilokuwa wakilitafuta: eti anataka ufalme. Konsuli akakataa kutumia nguvu. Basi maseneta wakaongozwa na kuhani mkuu, Scipio Nasica, ambaye ni ndugu wa ukoo wa Tiberius, wakavunja mabenchi, wakashika miguu ya mabenchi hayo na marungu, wakamuua yeye na watu wapatao 300. Maiti zikatupwa mtoni Tiber. Cha ajabu, tume ya kugawa ardhi haikufa naye. Mawe yake ya mipaka, yenye majina ya wajumbe, yamefukuliwa Italia.

Mdogo wake Gaius akaendeleza kazi, naye akaishia vilevile mwaka 121 KK. Konsuli Opimius alitangaza kulipa dhahabu kwa uzito wa kichwa cha Gaius. Plutarch anasema aliyekileta alikuwa ametoa ubongo akajaza risasi ili kiwe kizito. Jamani! Baada ya hapo damu ikawa jambo la kawaida: Sulla akaivamia Roma na jeshi lake mwaka 88 KK, Caesar akavuka Rubicon mwaka 49 KK, na kufikia 27 KK jamhuri ilikuwa imebaki jina tu mkononi mwa Augustus.

Twende China. Mwaka 7 KK, chini ya nasaba ya Han, washauri wa Kaizari Ai walipendekeza kikomo cha ardhi: qing 30, sawa na ekari 340 hivi. Linganisha na zile 310 za Roma! Pendekezo likafa, maana ndugu na vipenzi wa ikulu ndio waliokuwa na mashamba. Kaizari mwenyewe alimpa kipenzi chake Dong Xian zaidi ya qing 2,000.

Mwaka 9 BK, Wang Mang, mpwa wa mama malkia, akachukua kiti na kuanzisha nasaba aliyoiita Xin, yaani Mpya. Huyu hakuwa na mchezo. Akatangaza ardhi yote ni ya mfalme, marufuku kuuza, mwenye ziada awagawie ndugu na majirani. Akapiga marufuku biashara ya watumwa, akilalamika kwamba watu wanafungiwa zizini sokoni pamoja na ng'ombe na farasi. Aliyepinga alipelekwa mipakani.

Tofauti na Tiberius, huyu alikuwa na dola nzima mkononi. Mbona akashindwa? Kwa sababu waliotakiwa kutekeleza ni maafisa wale wale wa koo zenye ardhi, na kwa miaka kadhaa hakuwapangia mishahara inayoeleweka, wakaishi kwa rushwa. Mwaka 12 BK akafuta sheria zenyewe. Wakati huohuo alibadilisha fedha mara kwa mara hadi watu sokoni hawajui washike ipi, na mtu akikamatwa anatengeneza sarafu, majirani nao wanageuzwa watumwa wa serikali. Mpiga marufuku biashara ya watumwa akawa mtengenezaji wao mkubwa!

Kisha Mto Huang He ukahama njia, mafuriko, njaa. Kule pwani ya mashariki kulikuwa na mama mmoja mtengeneza pombe, anajulikana kama Mama Lü. Afisa wa wilaya alimuua mwanawe kwa kosa dogo. Mama akawa anawakopesha vijana pombe na nguo bila kudai, na walipotaka kulipa akawaambia anachotaka. Wakamuua yule afisa, kichwa kikawekwa kwenye kaburi la mwanawe. Muda si mrefu wakulima wenye njaa wakajipaka nyusi rangi nyekundu ili watambuane vitani, wakaitwa Nyusi Nyekundu.

Wang Mang akauawa ikuluni Chang'an mwaka 23 BK. Aliyefaidika si mkulima. Ni Liu Xiu, wa ukoo wa wenye ardhi, akawa kaizari mwaka 25 BK. Hata yeye alipoamuru ardhi ipimwe mwaka 39, wenye mashamba waliasi, akalegeza.

Kichwa cha Wang Mang kilihifadhiwa kwenye ghala la dola kwa zaidi ya miaka 270, zikapita nasaba na nasaba, kikikaa jirani na viatu vya Confucius. Ghala liliungua mwaka 295 BK.