Bomba la moshi la Lubumbashi, tulilolisikia tangu utotoni

Ukitaja Lubumbashi mbele ya wazee wa Uvira, Kalemie au Kindu, wengi hawaanzi na majengo ya katikati ya mji wala na timu ya Mazembe. Wanaanza na sheminé. Ndivyo wenyeji wanavyoliita, kwa neno la Kifaransa, lile bomba refu la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, lililo karibu na mto uliotoa jina la mji. Urefu wake unapita mita 100. Kando yake kuna mlima mweusi ambao si mlima.

Sisi tuliokulia mashariki tulilijua kwa picha kabla ya kulijua kwa macho. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Katanga walichora viwanda, makambi ya wafanyakazi na historia ya nchi, na watu walizitundika picha hizo sebuleni. Anayejulikana zaidi ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora juu ya magunia ya unga. Picha za namna hiyo zilisafiri pamoja na wajomba waliorudi kutoka kazini. Bomba lilikuwa na moshi mwingi kila mara, na sisi watoto tuliamini kwamba mahali penye moshi huo hakuna anayelala njaa.

Basi tulipokwenda Lubumbashi kwa mkutano wa parokia, tuliomba saa moja ya kwenda kuliona. Mama mmoja katika kundi letu alilitazama kwa muda, akauliza: “Mbona halina moshi?” Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike haya.

Shaba ya Katanga haikuanza na Wazungu. Karne nyingi kabla yao mafundi wa huku waliyeyusha mawe ya kijani na kumimina misalaba midogo ya shaba, ikatumika kama fedha na kama mali ya kuolea. Misalaba hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi, alijenga enzi yake huko Bunkeya juu ya shaba na pembe za ndovu. Na ni huko Bunkeya alikofika mwaka 1886 mmisionari Frederick Stanley Arnot, mwanzo wa kazi ya Kiprotestanti katika Katanga. Msiri aliuawa mwaka 1891, na mali ya ardhini ikahesabiwa kuwa ya wengine.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini, kwa njia ya Rhodesia, ilifika mwaka 1910, na mji ukaanza mwaka huohuo kwa jina la Élisabethville. Mwaka 1911 tanuru ya kwanza ilitoa shaba. Jambo lenyewe si gumu kueleza: mawe ya madini huwekwa tanuruni pamoja na makaa ya koki na chokaa, moto hupulizwa hewa, shaba nzito huzama chini, na uchafu mwepesi huelea juu. Uchafu huo hutolewa ukiwa bado unatiririka kama uji, unamwagwa, unaganda. Wafua chuma wa zamani waliita takataka za namna hii mavi ya chuma, na hatuoni jina lililo sahihi zaidi. Mlima mweusi wa Lubumbashi, terili kama wanavyosema wenyeji, ni mamilioni ya tani za uchafu huo, uliorundikwa miaka kwa miaka.

Nani aliyeulisha moto huo? Hapa ndipo habari inapotugusa sisi wa mashariki. Kampuni ilitafuta watu katika Katanga yenyewe, Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, Maniema, hata Rwanda na Burundi. Mwanzoni walikuwa vijana wa mkataba mfupi, na wengi walikufa kwa magonjwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliona faida ya kuwaweka pamoja na wake na watoto, kwa nyumba, posho ya kila juma, hospitali na shule. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi katika makambi hayo, na ndiyo sababu leo mtu wa Kalemie anaweza kuhubiri Lubumbashi bila mkalimani, ingawa watamcheka kidogo kwa namna anavyosema.

Shule za makambi zilikabidhiwa wamisionari Wakatoliki. Serikali, kampuni na misioni hizo zilishikana mikono, na Waprotestanti wengi wao walibaki nje ya kambi, wakijenga makanisa yao mitaani. Msaada wa serikali kwa shule zao ulikuja baada tu ya vita vikuu vya pili. Wamethodisti, waliofika Katanga pamoja na mmisionari John Springer mwanzoni mwa karne, walikua katika hali hiyo. Hatusemi haya kwa kuwalaumu ndugu zetu. Ni kueleza kwa nini parokia zetu za zamani zinapatikana mitaani zaidi kuliko karibu na bomba.

Mwezi wa Desemba 1941, vita ikiwa imepandisha bei za vitu, wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Askari walifyatua risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa pamoja na makumi ya wengine. Hesabu kamili inabishaniwa hadi leo. Wachoraji tuliowataja waliichora siku hiyo pia, na picha hizo hazikufika sebuleni kwetu.

Union Minière ilitaifishwa mwishoni mwa mwaka 1966, na baadaye tukaizoea kwa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka mwaka 1990, fedha za kutengeneza mitambo hazikuwapo, siasa ikaharibika, na uzalishaji ukaanguka hadi sehemu ndogo sana ya ule wa zamani. Mishahara ilicheleweshwa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya kuondoka. Wapo waliofungua duka, wapo waliolima, na wapo ambao fedha ziliisha kabla ya ada za mwaka wa pili. Hilo ndilo jibu la mama yule: moshi wa picha zetu ulikuwa wa tanuru zile za zamani.

Moshi wenyewe haukuwa baraka tupu. Pepo za huku huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, hivyo gesi na vumbi la madini viliangukia upande wa kaskazini-magharibi, na udongo wa mitaa kama Penga Penga una shaba nyingi kiasi kwamba mimea mingi haikubali. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga: waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti kwa kiwango cha juu mno, na watoto kupita wakubwa. Anayepanda mchicha chini ya upepo huo ana haki ya kujua.

Na mlima mweusi? Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 umekuwa ukichimbwa upya, kwa sababu tanuru za zamani ziliacha humo kobalti, na shaba kidogo. Madini ya Kipushi, yaliyoyeyushwa hapa kwa miaka mingi, yalikuwa pia na jerimani, inayotumika katika nyaya za mawasiliano za nuru na kamera za kuona gizani. Mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines ilianza kuipeleka Ubelgiji kwa kampuni ya Umicore. Umicore ndiyo Union Minière, iliyobadili jina mwaka 2001. Aliyemwaga takataka anazinunua tena, na safari hii kuna bei. Bei hiyo, na sehemu yake inayofika mitaa ya chini ya upepo, ndilo jambo tunaloomba wazee wa parokia za Lubumbashi waendelee kuliuliza.

Kwa wanaopanga safari: ndani ya uzio hamwingii bila ruhusa, na kupiga picha za kiwanda kunaweza kuwaletea maneno na walinzi. Mwombeni mwenyeji awapeleke asubuhi, msimame barabarani. Bomba linaonekana kutoka mbali.