Besi inalia, sikio haisikie
Kila Jumapili sisi batu ya mugodi tunakutana nyuma ya kambi na gitare mbili ya besi na ampli moja. Ubishi haiishe. Bamoja banapenda Precision, ile Leo Fender alianza kuuzisha mu 1951: mikro moja, sauti nene, inafaa rumba. Bengine banataka Jazz Bass ya 1960, mikro mbili. Ile ya karibu na daraja inatoa sauti ya kukata. Ndani ya mikro muko waya ya shaba yenye kuzungushwa mara maelfu, na sumaku ya alnico iko na kobalti. Mawe yetu, ndugu, lakini mikro mupya hatuna feza ya kuilipa!

Mwenzetu mumoja, miaka mingi ku perforatrisi, anafungua butoni ya toni yote, anaongeza sauti kali ku ampli, na bado anasema besi imefunikwa na blanketi. Sisi tunaziba masikio. Tulimucheka sana. Kisha mutoto wake akatuambia: baba hasikie tena simu ikilia.

Kelele ya mashine inaharibu kwanza sauti za juu, karibu na hertz 4.000. Za chini zinabaki, njo maana mutu anazani anasikia muzuri. Chembe za ndani ya sikio zikikufa, hazioti tena. Desibeli 85 kwa saa 8, hatari inaanza. Perforatrisi inapita 100.

Tunaomba vizibo vya masikio kwa kila mutu wa mashine, na kupimwa kila mwaka. Mwenzetu tumemuachia Precision. Anaegemeza kifua ku mbao, anasikia.