Mchezo wa Karne (sataranji)

Mchezo wa Karne ni jina la mchezo wa sataranji uliochezwa tarehe 17 Oktoba 1956 jijini New York, Marekani, katika mashindano ya Rosenwald. Donald Byrne alicheza kete nyeupe. Bobby Fischer, mvulana wa miaka 13, alicheza nyeusi.

Ufunguzi wake ni Ulinzi wa Grünfeld, ulioitwa kwa jina la Mwaustria Ernst Grünfeld. Humo mwenye kete nyeusi humwachia mpinzani katikati ya ubao, kisha huishambulia kutoka mbali, hasa kwa askofu wa pembeni.

Katika hatua ya 11 Byrne alimsogeza tena askofu wake badala ya kumtayarishia mfalme mahali salama. Fischer alijibu kwa farasi. Katika hatua ya 17 alimwacha malkia wake aliwe. Ndipo askofu na farasi walipomtisha mfalme mweupe mfululizo. Badala ya malkia Fischer alipata ngome, maaskofu wawili na askari mmoja. Alishinda katika hatua ya 41.

Jina la mchezo lilitolewa na mwandishi Hans Kmoch. Fischer alipata kuwa bingwa wa dunia mwaka 1972.