Benki Isiyoweka Pesa

Kuna mama mmoja mwenye kisukari ambaye alikosa kliniki miezi miwili mfululizo. Dawa zilikuwepo. Nesi alikuwepo. Nilipomuuliza kulikoni, akajibu, "Mwanangu, watoto ningemwachia nani?" Kumbe kilichokosekana ni saa tatu tu za jirani!

Sasa, vijana wenzangu, hebu tuongee kuhusu saa hizo. Zipo nchi ambako watu wamezifungulia benki kabisa. Inaitwa benki ya muda. Ukimsaidia mtu kwa saa moja, unaandikiwa saa moja kwenye daftari. Siku ukikwama wewe, unasaidiwa na mwanachama yeyote, si lazima yule uliyemsaidia. Hapo ndipo inapotofautiana kidogo na ujima wetu wa leo shambani kwangu, kesho kwako. Tena saa ya mwanasheria na saa ya bibi anayeshona ni sawasawa.

Huko Marekani wazo hili lilienezwa na Edgar Cahn, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria. Mwaka 1980 alipata shambulio la moyo. Alikuwa mtu wa kusaidia wengine, na ghafla yeye ndiye anahudumiwa, akajiona hana faida tena. Akaanza kuwafikiria wale wote ambao jamii inawaona hivyo hivyo: wazee, wasio na kazi, na vijana pia.

Je, hospitali inafaidika nini? Rushey Green, kusini mashariki mwa London, kuna kliniki iliyoanzisha benki ya muda mwaka 1999. Madaktari walikuwa wakipokea wagonjwa wenye huzuni na upweke, watu ambao dawa peke yake haikuwatosha. Wakaanza kuwaelekeza kwenye benki hiyo. Huko mgonjwa haulizwi tu anaumwa nini, anaulizwa pia anaweza kufanya nini. Mmoja anapalilia bustani ya mwenzake, mwingine anamsindikiza mzee asiyeweza kutoka peke yake. Mtu aliyekuwa akisubiri kuhudumiwa anajikuta naye anasubiriwa. Kwa maoni yangu, hiyo ni nusu ya tiba.

Wanafunzi nao wamo. Huko Chicago, katika miaka ya 1990, wanafunzi wakubwa waliwafundisha wadogo masomo, na saa walizokusanya waliweza kuzibadilisha kwa kompyuta zilizokwisha kutumika.

Lakini tusidanganyane. Jirani hawezi kupima malaria wala kuzalisha. Kama zahanati haina nesi, dai nesi! Benki ya muda isigeuzwe kisingizio cha kutoajiri. Halafu inahitaji katibu mwaminifu wa kuandika saa, na kazi hiyo inachosha kweli. Daftari likipotea, watu wanaanza kununa.

Mnaweza kujaribu shuleni kwenu, hata watu kumi tu. Kila mmoja aandike anachoweza: kufundisha hesabu, kuteka maji, kukaa na watoto wa mama anayekwenda kliniki. Ila jihadharini na jambo moja. Mtu asikwambie eti unadaiwa saa, kwa hiyo uende kwake usiku. Kazi zote zipangwe na katibu, zifanyike mchana, na wazazi wajue uko kwa nani. Ukiona mtu anakung'ang'aniza, ondoka, kisha umweleze mwalimu au mzazi siku hiyo hiyo.