Nyota Ipitayo Utosini mwa Sumbawanga

Mwanzoni mwa Agosti, mnamo saa 3 na nusu usiku, nyota iitwayo RS Ophiuchi hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Sumbawanga. Kwa kawaida huioni bila darubini. Lakini mwaka 1985, tena 2006, tena 2021, iliwaka ghafla ikaonekana kwa macho matupu.

Kwa kweli hizo ni nyota mbili zinazozungukana. Moja ni nyekundu, imezeeka na kuvimba. Ya pili ni ndogo, nzito ajabu, nayo humnyonya mwenzake gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo hurundikana juu yake miaka nenda miaka rudi, mpaka joto na mgandamizo viilipue kinyuklia. Nyota yenyewe haifi. Huanza kunyonya upya. Siku ya mlipuko haitabiriki, ndiyo maana wapenzi wa nyota wasiolipwa hata senti ndio walinzi wake wakuu.

Mlipuko wa 2021 uliripotiwa na watu wa namna hiyo, akiwemo Keith Geary wa Ireland. Baada ya taarifa hizo, darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zilielekezwa huko zikanasa miale ya gama. Hapa kwetu Sumbawanga, katika nyanda za Ufipa, giza huingia saa kadhaa kabla ya Ireland, na kiangazi anga letu, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, huwa safi mno. Tungeweza kuwa wa kwanza.

Kazi yenyewe ni ya jicho na subira. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza. Nyota ikishalipuka, ilinganishe na jirani zake wawili ambao ramani ya nyota imetaja mng'ao wao, tuseme 4.2 na 5.0, namba ndogo ndiyo yenye mwanga mkali. Ikizidiwa kidogo tu na ya kwanza, andika 4.4. Andika na saa ya kimataifa: saa 3:30 usiku kwetu ni 18:30.

Usipoiona, andika vilevile. Kumbukumbu ya usiku mtupu ndiyo humwonyesha mtaalamu mlipuko ulianza lini, na wengi huidharau.

Chama cha watazamaji nyota cha Marekani, AAVSO, kilichoanzishwa 1911, hupokea kumbukumbu hizi kutoka popote duniani. Walimu wa fizikia wa Sumbawanga, Namanyere na Matai, anzeni na wanafunzi wenu kiangazi kijacho.